Je, Maji ya Kwenye Dumu Yana Ngozi Ngumu Kuliko ya Kwenye Pipa?



Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Jumamosi moja asubuhi, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo huko Mbagala, ambako mafrateri tulikuwa tukienda kwa utume wa mwisho wa wiki, mazungumzo yaliangukia kwenye mbu. Masika yalikuwa yameanza, na nyumba mbili za jirani zilikuwa na wagonjwa wa homa ya dengue, ambayo wengi tunaiita kidingapopo. Mama mwenye nyumba alitupeleka uani akatuonyesha pipa la plastiki la lita 200. Maji yalikuwa yamejaa viluwiluwi wanaopinda na kunyooka. Pembeni kulikuwa na madumu 6 ya njano ya lita 20, midomo wazi, na humo hakukuonekana hata kiluwiluwi mmoja.

"Frateri, nyie mmesoma," aliniambia. "Maji ni yale yale, yameshushwa kwenye mkokoteni mmoja. Kwa nini huku wapo na huku hawapo?"

Nilijibu haraka. Nilisema kwamba juu ya maji kuna kitu kama ngozi, na kwamba kwenye chombo chenye mdomo mwembamba ngozi hiyo hukazwa zaidi, kama ngoma ndogo inavyowambwa ikakaza kuliko kubwa. Kwa ushahidi nikataja jambo tulilosoma kidato cha tatu, kwamba maji hupanda juu zaidi katika mrija mwembamba kuliko katika mnene. Basi kiluwiluwi wa kwenye dumu, nikasema, hawezi kuitoboa ngozi ile apumue. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Mama akalifunika pipa kwa kitenge, madumu akayaacha wazi, kwa sababu frateri alikuwa amesema.

Tuliporudi baada ya wiki mbili, pipa lilikuwa safi. Madumu mawili ya nyuma, ambayo hayakuguswa tangu siku ile, yalikuwa na viluwiluwi, na juu ya maji yalielea maganda matupu ya mbu waliokwisha kuruka. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Basi ngozi yake si ngumu kivile, Frateri."

Nilirudi seminarini nikatafuta jibu ambalo nilipaswa kulitafuta kabla ya kufungua mdomo.

Tuanze na hiyo "ngozi". Ndani ya maji kila molekuli huvutwa na jirani zake kutoka pande zote, juu, chini, kulia na kushoto, na mivuto hiyo husawazishana. Molekuli iliyo juu kabisa ina jirani wa chini na wa pembeni, lakini juu yake kuna hewa tu. Kukaa juu ni gharama, na maji hujitahidi kuwa na uso mdogo kadiri iwezekanavyo. Ndiyo maana tone huwa la duara, kwa kuwa duara ndilo umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa kiasi kile kile cha maji. Juhudi hiyo ya kujikunyata ndiyo tunayoiita mvutano wa uso wa maji. Kwa hiyo hakuna ngozi ya kweli pale, yaani tabaka la kitu kingine lililotandazwa juu. Ni maji yenyewe mpaka mwisho.

Mvutano huu hupimwa. Maji safi yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi yana mvutano wa milinyutoni 72.8 kwa kila mita. Yakifika nyuzi 30, ambalo ndilo joto la kawaida la maji yaliyokaa uani Dar es Salaam, hushuka hadi kama 71. Yakikaribia kuchemka huwa karibu 59. Kwa lugha ya jikoni: ukichora mstari wa kufikirika wenye urefu wa sentimita 1 juu ya maji, maji ya upande mmoja yanayavuta ya upande wa pili kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa takriban gramu 0.07, yaani zaidi kidogo ya tone moja. Ni nguvu ndogo sana kwetu. Kwa mdudu ni kubwa.

Sasa tazama namba hiyo inategemea nini. Inategemea joto. Inategemea kilichoyeyuka majini: sabuni huishusha sana, chumvi huipandisha kidogo mno, hivyo hata maji ya visima vyetu vya chumvi hayatofautiani sana na ya mvua. Inategemea pia kilicho upande wa pili wa uso, kama ni hewa au ni mafuta. Chombo hakimo. Hakuna mahali ambapo kipenyo cha mdomo, kina, au umbo la pembe nne au la mviringo huingia katika hesabu. Maji ya aina moja yenye joto moja yana mvutano ule ule katika kikombe, katika pipa na katika Bahari ya Hindi, tukiiacha chumvi yake pembeni.

Hapa ndipo mfano wangu wa ngoma ulipoharibika, na nadhani wengi tunajikwaa hapo. Ngozi ya ngoma, au mpira wa kufungia, ukiuvuta zaidi hukaza zaidi, kwa sababu kitu ni kile kile na wewe unakinyoosha. Uso wa maji haufanyi hivyo. Ukimimina maji ya kikombe kwenye beseni, uso unakuwa mpana mara nyingi zaidi, lakini molekuli za juu hazikunyooshwa: nyingine zimetoka ndani zikaja juu kujaza nafasi. Uso umeongezeka, mkazo wake kwa kila sentimita umebaki ule ule. Ukiyarudisha kikombeni, molekuli za ziada huzama ndani, na mkazo bado ni ule ule. Ni kama foleni ambayo watu wapya huingia kila kamba inaporefushwa, hivyo hakuna anayelazimika kunyoosha mkono. Mfano huu nao una kasoro zake, lakini ni bora kuliko ngoma.

Wanafizikia watasema kuna hali moja ambapo umbo huanza kuhesabika: matone au mapovu madogo sana, ya nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Katika ukubwa huo uso umepinda mno hata molekuli za juu zinapungukiwa majirani kuliko kawaida. Hakuna chombo cha nyumbani kinachokaribia huko.

Je, mrija mwembamba? Swali hili lilinisumbua kuliko yote, maana jambo lenyewe ni la kweli. Chukua mrija wa kioo safi wenye kipenyo cha milimita 2, usimamishe ndani ya maji, na maji yatapanda kama sentimita 1.5. Chukua wa milimita 1, yatapanda kama sentimita 3. Mwingereza James Jurin aliieleza kanuni hiyo mwaka 1718: kipenyo kikipungua nusu, kimo huongezeka maradufu. Mtu akiona hivyo husema mvutano umeongezeka maradufu. Mimi nilisema hivyo mbele ya jumuiya nzima.

Fuatilia polepole. Maji ndani ya mrija huvutwa juu pale yanapogusana na kioo, yaani kwenye mzingo wa duara. Uzito unaoyarudisha chini ni wa nguzo ya maji, na uzito huo hutegemea eneo la duara. Ukipunguza kipenyo nusu, mzingo hupungua nusu, hivyo nguvu ya kuinua hupungua nusu. Lakini eneo hupungua hadi robo, hivyo kila sentimita ya nguzo ina uzito wa robo tu. Nusu ya nguvu inainua kitu chenye robo ya uzito, kwa hiyo inaweza kukiinua mara mbili juu zaidi. Katika hesabu nzima mvutano haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mzigo.

Na hata kupanda huko kunahitaji kioo kikubali kuloweka. Mwaka 1805 Thomas Young alionyesha kwamba pale maji, hewa na ukuta wa chombo vinapokutana pana pembe maalumu, na pembe hiyo hutokana na mapatano ya vitu vitatu hivyo. Kwenye glasi safi maji hupanda ukingoni. Kwenye plastiki ya dumu, ambayo haipendi maji, uso hukaa karibu tambarare ukingoni au huinama chini kidogo. Utaona mwenyewe ukiweka glasi na kopo la plastiki mezani na kuyatazama ukiwa umeinamisha macho usawa wa maji. Athari hii ya ukingo haifiki mbali. Kwa maji hupotea ndani ya milimita chache kutoka ukutani. Mdomo wa dumu una upana wa sentimita kadhaa, kwa hiyo katikati yake maji ni tambarare tu kama ya pipa. Umbo la chombo, basi, linaweza kubadili umbo la uso wa maji na kimo chake pembezoni. Kuubadili mvutano wenyewe ni jambo jingine.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujidanganya mara moja, nilitaka kuona kwa macho. Tulichukua bomba la sindano lisilo na sindano, tukachota maji ya bomba moja yaliyokaa katika glasi, beseni, sufuria na dumu jipya, kisha tukahesabu ni matone mangapi yanatoka katika mililita 5. Tone huanguka pale uzito wake unaposhinda mvutano unaolishikilia kwenye ncha, kwa hiyo mvutano ukiwa mkubwa matone huwa makubwa na machache. Ukiwa mdogo huwa madogo na mengi. Lazima ncha iwe ile ile na umimine polepole, la sivyo unapima haraka ya mkono wako. Vyombo vyote vinne vilitupa matone 80 na kitu, vikipishana kwa moja au mawili. Kisha frateri mmoja akaleta ndoo yake ya kufulia, ambayo aliapa kuwa ameisuuza. Matone yakapita 100.

Hilo ndilo lililonifumbua macho. Vyombo tofauti kweli vinaweza kutoa majibu tofauti, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kuapa kwamba chombo kimebadili mvutano. Lakini kilichobadilisha si umbo. Ni kilichobaki kwenye kuta. Madumu yetu ya njano mengi yalikuja mjini yakiwa na mafuta ya kula, na ndipo yakaingia kwenye mikokoteni ya maji. Tulijaza moja lililokuwa bado na harufu, tukamimina maji yake ndani ya sahani, tukayanyunyizia unga wa pilipili manga. Unga ulikaa kama umegandia kwenye utando, haukutawanyika vizuri kama ulivyotawanyika kwenye maji safi. Mafuta yalikuwa yamekwisha kuchukua nafasi yake juu.

Aliyefungua njia katika jambo hili hakuwa profesa. Agnes Pockels alikuwa msichana wa Kijerumani mjini Braunschweig aliyebaki nyumbani kuwatunza wazazi wake, maana wakati ule vyuo vikuu vya kwao havikuwapokea wanawake. Akiwa jikoni alianza kuchunguza jinsi uchafu na mafuta yanavyobadili uso wa maji. Alitengeneza karai dogo lenye kipande cha kusogeza ili aweze kuupunguza na kuupanua uso wa maji apendavyo. Aligundua kwamba kwenye maji safi kusogeza kipande kile hakubadilishi mvutano, bali kwenye maji yenye utando wa mafuta hubadilisha, kwa sababu mafuta yanasongamanishwa. Mwaka 1891 aliandika barua kwa Lord Rayleigh huko Uingereza, naye akaipeleka ichapishwe katika jarida la Nature. Jibu la swali letu la Mbagala lilikuwa tayari ndani ya barua hiyo: ukubwa wa uso haubadili mvutano wa maji safi, na ukiona umebadilika, tafuta uchafu.

Turudi uani kwa mama, maana hakuuliza habari za Pockels. Aliuliza habari za viluwiluwi.

Kiluwiluwi wa Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengue, ana mrija wa kupumulia nyuma ya mwili. Ncha ya mrija huo imezungukwa na vinyweleo visivyoloweka. Akifika juu huzichanua ncha hizo, maji yanashindwa kuzifunika, naye huning'inia kichwa chini akivuta hewa. Mvutano wa uso haumzuii; ndio unaombeba. Kwa hiyo hata kama maji ya dumu yangekuwa na mvutano mkubwa zaidi, yangemfaa. Nilikuwa nimekosea mara mbili katika sentensi moja. Tena eneo analohitaji ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Ukuta wa chombo uko mbali naye, hana habari kama yuko kwenye dumu au kwenye simtanki.

Ukiushusha mvutano sana, hashikiliki juu, hupata shida na kuzama. Hiyo ni sehemu ya sababu ya mafuta kuua viluwiluwi, njia iliyotumiwa sana na idara za afya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mfano wakati wa kuchimba Mfereji wa Panama. Mafuta huingia pia kwenye mrija wa kupumulia na kuuziba. Lakini tafadhali, msomaji, usimwage mafuta ya taa wala sabuni kwenye maji ya nyumbani. Utayaharibu maji ya kunywa na kupikia. Na sabuni kidogo haitoshi. Maji ya mashimo ya choo na bafu yana mabaki ya sabuni tele, lakini mbu aina ya Culex, wanaoeneza matende na busha pwani yetu, hustawi humo.

Kuhusu mashimo hayo, Zanzibar walifanya jambo zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, vyoo vya shimo vyenye maji viliwekewa tabaka la punje nyepesi nyeupe za plastiki, zile za kufungashia redio na televisheni. Zikaelea na kufunika uso wote, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi pa kupumulia, huku wakazi wakipewa dawa ya vimelea vya matende. Idadi ya watu wenye vimelea ilishuka sana. Punje zile hazikutegemea kubadili mvutano wa uso. Zilikuwa kifuniko.

Dar es Salaam nayo ilianzisha mwaka 2004 mpango wa kudhibiti malaria mjini, katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, ambapo wakazi wenyewe walipita mtaa kwa mtaa kusaka mazalia, na tangu 2006 wakaanza kuweka dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi wanapoila. Hiyo ililenga zaidi mbu wa malaria, ambao huzaliana kwenye madimbwi na mifereji na ambao viluwiluwi wao hulala sambamba na uso wa maji. Mbu wa dengue ni wa nyumbani zaidi: mapipa, matairi, vifuu, makopo. Mlipuko wa 2014 ulioigusa sana Kinondoni, na ule wa 2019, uliwakuta watu wengi wakiwa na vyandarua vizuri na mapipa wazi. Mbu huyu huuma mchana.

Basi kwa nini siku ile ya kwanza madumu hayakuwa na viluwiluwi? Nilimuuliza mama swali ambalo ningemuuliza mwanzo: maji ya madumu unayatumia vipi? Akasema ndiyo ya kupikia, huisha kila baada ya siku mbili au tatu. Pipa ni akiba ya siku za mgao, linaweza kukaa wiki tatu. Katika joto letu yai la mbu huwa mbu mzima kwa siku saba hadi kumi hivi. Dumu lilikuwa likimwagwa kabla viluwiluwi hawajakua hata wakaonekana. Nilipowaambia kuwa madumu ni salama, mawili yakasahauliwa nyuma, yakafanya kama pipa.

Na hapa umbo la chombo linarudi, ingawa kwa mlango mwingine. Mdomo mpana humpa mbu jike njia rahisi ya kuingia. Mdomo mwembamba hufunikwa kwa kifuniko kimoja. Kivuli cha ndani humvutia. La muhimu kuliko yote, Aedes hatagi juu ya maji bali ukutani, kwenye unyevu juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake huweza kukauka miezi kadhaa bila kufa, yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta lazima usuguliwe, angalau mara moja kwa wiki. Tulipokagua kigango tulianza na kwetu: vyungu vya maua makaburini, na chombo cha maji ya baraka mlangoni, ambacho sakristani alikuwa akikiongezea maji tu bila kukisugua.

Pipa husuguliwa kwa mkono na brashi. Dumu haliingii mkono. Mama alitucheka tulipokuwa tunawaza kifaa gani kitaingia pale. Alichota mchanga viganja viwili, akautia ndani pamoja na maji kidogo, akafunga kifuniko, akampa frateri mwenye ndoo ya kufulia alitikise mpaka jasho limtoke.